Kijani Kilichotoka Zambarau

Jumatatu, 2 Juni
Chai, mkate, kompyuta. Bado natengeneza lile gurudumu la rangi. Mteja anagusa mduara kwenye simu, programu inapima kidole kimesogea kiasi gani kutoka kitovuni, kwa upande na kwa urefu, kisha kinyume cha tanjenti kinanipa pembe. Pembe ndiyo rangi. Nyekundu ni nyuzi sifuri, kulia kabisa. Nimeijaribu hiyo nyekundu mara nyingi. Sawa kila mara. Shuleni trigonometria ilinitoa machozi, sasa inanilisha.

Maman Neema, muuza vitambaa wa Bukavu, anataka kazi wiki hii. Mteja achague rangi huku Kamembe, upande wa Rwanda, fundi wake ng'ambo ya mpaka apokee namba na kutia rangi.

Alhamisi, 5 Juni
Mteja wa kwanza: dada yangu Aline! Harusi yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Vitambaa kumi na viwili vya mishanana, mavazi ya sherehe ya akina shangazi. Aligusa juu kabisa ya gurudumu, kijani cha majani machanga ya chai. Kijisanduku cha chini, cha kuonyesha rangi iliyochaguliwa, kikaonyesha kijani kilekile. Akaibusu simu. Nilijisifu kupita kiasi, nakubali.

Jumanne, 10 Juni
Vimefika, Maman Neema kavileta mwenyewe. Aline alifungua furushi kitandani.

Zambarau. Vyote.

Siamini hata sasa. Zambarau ndiyo tuliyovaa miaka mingi kwenye maombolezo ya mauaji ya kimbari. Na mama wa bwana harusi, Maman Consolée, alipoteza ndugu zake wote. Kwenye harusi ya mwanawe! Aline aliketi sakafuni, hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Maman Neema alimpigia fundi, sote tukasikia: "Maman, mie nilifwataka numéro tu."

Namba ilikuwa yangu.

Jumatano, 11 Juni
Nimelipata kosa. Nimeduwaa.

Kwenye daftari la hesabu, namba zinaongezeka kupanda juu. Kwenye kioo cha simu zinaongezeka kushuka chini. Nilipochora mduara nilikumbuka kugeuza. Nilipopima kidole nilisahau. Juu ikawa chini, nyuzi tisini zikawa mia mbili sabini, chai ikawa zambarau. Kile kijisanduku kilinakili rangi ya picha, si namba, kikanidanganya kwa upole. Na nyekundu yangu? Iko kulia, usawa wa kitovu, si juu wala chini. Ipindue utakavyo, inabaki palepale. Alama moja ya kutoa niliyoisahau! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Nilimweleza Aline yote. "Usiniongeleshe tena." Akafunga mlango. Yeye ndiye aliyenilea tuliporudi kutoka ukimbizini Bukavu. Fundi anasema kitambaa cheupe kimemwishia, mpaka wiki ijayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Najichukia.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikwenda Nkanka, kwao bwana harusi, mimi mwenyewe, na kitambaa kimoja begani. Afadhali Maman Consolée aambiwe kuliko kushtukizwa mbele ya wageni. Alikuwa akianika sambaza, vidagaa vya ziwani. Nilieleza vibaya. Alifuta mikono, akakishika kitambaa muda mrefu. Nilisubiri kufukuzwa.

"Nililiaka na hii rangi myaka mingi," akasema. "Muniache nicheze nayo siku moja. Bengine bavae byenye banataka."

Akajifunga kitambaa palepale uani, kati ya samaki. Nimeshtuka kuliko Jumanne. Nilisahau hata kumshukuru.

Jumamosi, 14 Juni
Akina shangazi walivaa kila mmoja chake, kama siku ya soko. Hakuna aliyethubutu kuvaa zambarau, isipokuwa mama wa bwana harusi. Alipotokea, watu waligusana viwiko. Bwana harusi aliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ngoma ikaanza. Maman Consolée akainua mikono, akacheza. Peke yake kwanza, uso umelowa machozi. Kisha Aline akaingia kando yake na vigelegele vikapasua anga. Nilisimama penye makreti ya soda, mdomo wazi. Aline hakunitazama siku nzima.

Jumapili, 15 Juni
Mvua tangu asubuhi. Sijagusa kompyuta.

Saa tisa Aline alipiga simu. Hakutaja vitambaa. Aliuliza kama nimekula. Nikasema bado.

"Kuya basi, sombe iko."

Nimekwenda, nimekula kisamvu chake.