Dada, Pisha

Bwenini, 6 Februari

Mdogo wangu Kiberiti,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa neno hilo nimeliandika huku nikisaga meno. Mama hajambo, cherehani yake haijambo, na kocha wetu wa mbio anakohoa kama kawaida yake. Wote wazima, isipokuwa mimi niliyeachwa mdomo wazi.

Hivi wewe, mtu huondoka hivyo? Narudi kutoka maktaba nakuta godoro lako limekunjwa na kufungwa kamba, na viatu vyako vya njumu vimepangwa chini ya kitanda changu kama vya mgeni msikitini. Kwaheri hakuna. Habari za kujiunga kwako na jeshi nimezipata kwa kocha, na kocha alizipata kwa mlinzi wa geti. Mimi, dada yako wa tumbo moja, habari zako naletewa na mlinzi!

Sasa ngoja nikuambie, maana ukiwa mbali sikuoni ukicheka. Nakuonea wivu. Tangu tuingie chuo hiki, wasichana wawili wa nyumba moja, kazi yangu imekuwa kukuvuta. Natangulia, nakukatia upepo, nakushikia mwendo mpaka kona ya tenki la maji. Hapo unasema, "Dada, pisha," nami nasogea nje, unapita ndani unaenda kuchukua medali. Mimi natoka uwanjani natafuta maji ya kunywa. Nimekuvuta hivyo mazoezini, nimekuvuta kwenye mashindano, na kila nikilala naitamani hiyo miguu yako. Kocha alikuwa na hakika mwaka huu ungeitwa timu ya taifa. Nafasi ambayo mimi ningeipata ningelala nayo kitandani, wewe umeitupa kama ganda la ndizi.

Na Mama naye! Nilidhani atavunjika moyo. Amelia kidogo, kisha akaulizia picha yako ya sare aibandike ukutani juu ya cherehani, karibu na medali zako. Hata ukiacha unashangiliwa. Mimi nikifaulu mtihani naambiwa nikaoshe vyombo.

Nijibu, kama huko bado mnaruhusiwa kuwa na dada.

Dada yako


Kambini, 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima, na hasira zako nazo ni nzima. Mimi sijambo, ila kichwa kimenyolewa na masikio yameonekana yalivyo makubwa. Usimwambie Mama, picha nitapiga na kofia.

Sikukuaga kwa sababu ungelia, na ukilia mimi huwa nasema ndiyo kwa kila kitu. Ningebaki. Nakujua na najijua.

Unasema nimetupa. Dada, mimi mbio nilizichoka zamani. Nikishinda, kesho yake naulizwa nitashinda lini tena. Nikiumwa tumbo, kocha anakosa usingizi. Nikila mkate wa pili, mtu ananitazama. Huku nabeba begi zito na sajini ananipigia kelele kama nimemwibia kuku, lakini jioni naambiwa "tua," natua, na hakuna anayejali nilifika wa ngapi. Nalala kama mtoto.

Na kwa kuwa umeanza wewe, acha na mimi niseme. Nilikuwa nakuonea wivu pale pale kwenye tenki. Wewe unasogea, kazi yako imekwisha. Nikimaliza nakukuta umekaa kwenye nyasi na wasichana wa kurusha tufe na mkuki, unamenya chungwa, mnacheka mpaka mnalala chali. Mimi mikono ya watu iko mabegani, sijui hata mlikuwa mnacheka nini. Mlikuwa mnacheka nini?

Viatu nimekuachia wewe. Vaa.

Mdogo wako,
Kiberiti


Bwenini, 21 Aprili

Kiberiti,

Hujambo huko? Hapa hatujambo. Mama kapata kazi ya kushona sare za shule nzima, vidole vinamuuma lakini anaimba.

Tulikuwa tunakucheka wewe, kama unataka kujua. Unavyokimbia umetoa ulimi.

Viatu vyako sivai. Kwanza vinanibana kidole gumba, pili sitaki kuvaa makombo yako. Nimevaa vyangu vilivyotoboka, na nimekimbia navyo mashindano ya vyuo hapa uwanjani kwetu, kwa sababu kocha, kwa kukukosa wewe, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Haya, basi wewe."

Sasa sikiliza, na ukicheka Mungu anakuona. Nilitangulia tangu mwanzo. Mwili mwepesi, pumzi ipo, wenzangu nawasikia mbali nyuma. Nikasema leo ndiyo leo, leo watajua nyumba ile haikuzaa mtoto mmoja. Nikafika kona ya tenki.

Nikapisha.

Ndiyo. Nikasogea nje kabisa, nikapunguza mwendo, nikageuza shingo kukutazama unapita. Hakuna mtu. Hakuna aliyesema kitu, miguu tu ilijiendea yenyewe kama punda anayejua kwao. Nilipozinduka, wawili wameshaingia ndani na kunipita. Nikamaliza wa tatu. Jukwaa lote lilikuwa linacheka, na kocha alikaa chini na filimbi yake mdomoni.

Nilikuchukia siku hiyo, mdogo wangu, nakuambia bila kuficha. Hupo, na bado umenishinda.

Dada yako


Kambini, 7 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Wote humu wanakusalimu, maana barua yako niliisoma kwa sauti na chumba kizima kilivunjika mbavu. Sajini alikuja kuuliza kuna nini, nikamsimulia, akageuka ukutani ili tusimwone naye anacheka.

Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Sikujua kama bado unanipisha.

Siku zote nilijua, Dada. Ukifika pale kwenye tenki pumzi yako ilikuwa bado nzuri kuliko yangu. Nilikuwa naisikia. Nilikuwa nasema "pisha" haraka kabla hujagundua.

Wiki hii tunapelekwa mpakani. Mama mwambie nimehamishwa kituo, basi. Barua huko zinakuja kwa gari la chakula, na gari lenyewe likipenda. Nikichelewa usinune.

Mdogo wako,
Kiberiti


Bwenini, 30 Juni

Kiberiti,

Hujambo? Sijanuna. Nauliza tu.

Umenitia hasira kwa ile habari ya pumzi, nikakaa wiki nzima bila kukuandikia. Baadaye hasira ikaisha, nikaandika barua mbili, na hii ni ya tatu. Mama anafungua redio kila saa ya habari. Nikiingia anaizima na kunishikisha pindo nimshikie, tunajifanya tunazungumza mambo ya vifungo. Nadhani anajua kwamba uko mpakani.

Jana matroni alileta msichana wa kulala kitanda chako. Nimemwambia kina kunguni, akahamia chumba cha pili. Sina haja ya kusingizia: sitaki mtu pale.

Nina kijicho kipya siku hizi. Nawaonea kijicho wale wenzako wa kikosi. Wao wanajua leo umekula nini. Wanajua kama umelala au umekesha. Watu ambao mwaka jana walikuwa hawakujui!

Andika hata neno moja.

Dada yako


Nyumbani, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijui nikuulize vipi zaidi ya hivyo. Hujambo? Sisi hatujambo. Gari la chakula likipenda, barua hii itakufikia pamoja na zile nyingine, uzisome zote kwa pamoja. Ya mwisho soma hii.

Jumamosi yalikuwa mashindano ya kumaliza msimu, uwanjani kwetu. Nilivaa viatu vyako. Nilikata kitambaa cha mbele, kidole gumba kikatokea nje kama konokono, Mama akanipiga kofi la mgongoni kwa uharibifu kisha akanishonea ukingo vizuri.

Habari ya kona ya tenki vyuo vyote vinaijua. Nimekuwa kichekesho. Nikatangulia, na nyuma yangu alikuwa msichana mrefu wa chuo cha ualimu, amenishika vizuri, nausikia mguu wake. Tukafika kwenye tenki. Basi yule msichana akasema, tena kwa sauti ya kubembeleza hasa, "Dada, pisha!"

Mguu wangu ulianza kwenda. Sikufichi, ulianza.

Lakini wivu ulionipanda pale sijawahi kuupata, hata kwako. Neno lile ni lako. Umelisema peke yako tangu tukiwa watoto tunakimbizana kwenda kuteka maji. Yeye nani? Amelipata wapi? Nikamjibu kwa sauti, huku nakimbia, "Sipishi! Mdogo wangu yuko mbali!" Nikaondoka pale kwa hasira, sikumsikia tena, sikusikia hata watu. Mwisho nilijikuta kifuani kwa kocha, anakohoa na kulia, ananiambia nimekwisha kushinda, nisimame.

Unajua alichosema baada ya hapo? "Kiberiti angeona!" Nimeshinda mimi, na jina lililotajwa ni lako. Mama hivyo hivyo. Medali ameitundika juu ya cherehani, akaichomeka chini ya picha yako ya sare, ile yenye kofia, na kila akiitazama macho yanapanda juu kwako.

Safari hii roho iliniuma kidogo tu. Na mimi macho yalikuwa yamepanda huko huko.

Bado nakuonea wivu, usijidanganye nimepona. Ila wivu wa kutuma kwa barua umenichosha. Rudi, nikuonee wivu kwa karibu. Kitanda chako kipo, kunguni wanakusubiri. Siku utakayorudi tutashuka uwanjani sisi wawili, nitatangulia, na tukifika kwenye tenki utasema neno lako.

Liseme tu, nilisikie. Sitapisha.

Dada yako