Mpangaji wa Chumba cha Uani

Gairo, 4 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Sisi wazima, watoto wana mafua tu ya upepo wa huku.

Uhamisho umetoka. Januari naripoti shule hapo Bigwa, na shemeji zangu wanataka nyumba ya marehemu ndugu yao kabla ya Krismasi. Kwa hiyo nakuja na watoto kwenye nyumba yetu. Mpe mpangaji wako Jonathan notisi ya kuhama vyumba vya mbele mapema, ya maandishi, asije akasema hakujua.

Mwanao,
Eufrazia


Bigwa, 19 Novemba

Marahaba, Mwalimu. Mgongo upo palepale, haujaomba uhamisho. Hao wajukuu wafute pua kabla hawajaja kunikumbatia.

Notisi nimeandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Jonathan akaisoma yote, akaingia ndani, akatoka na hati. Hati ya nyumba, ina jina lake.

Ngoja, usipige kelele. Mwaka juzi walipita wapimaji wa urasimishaji, wale wa kuandikisha viwanja vipate hati. Kijana ana kishikwambi, ananiuliza, "Mzee, mmiliki nani?" Mimi nikanusa kodi ya serikali. Nikamwambia mmiliki ni Jonathan, yuko kazini, mimi ni mpangaji wake wa chumba cha uani. Wakaniomba saini, nikaweka, na mkia juu yake. Jioni tulicheka na Jonathan mpaka akapaliwa na chai. Kumbe mwenzangu alimaliza kucheka akaenda kulipia hati.

Baba yako mjanja,
Fransisko


Gairo, 2 Desemba

Shikamoo baba. Nimesoma mara tatu na sijacheka.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Mwajuma. Alimwona mama akibeba maji ya kufyatulia tofali za nyumba hiyo. Kisha tafuta msaada wa sheria. Sema ukweli, utani uache nyumbani. Nafasi yangu hapa imeshapata mtu. Sina pa kurudi, baba.

Mwanao,
Eufrazia


Bigwa, 11 Januari 2025

Mwanangu, hujambo? Watoto je? Barua hii naiacha shuleni kwako. Nimesikia umesharipoti, ila sijui umefikia kwa nani.

Nilikwenda. Bi Mwajuma kanitazama, kasema, "Mzee Fransisko, si ulisaini mbele yangu, na jicho ukanikonyeza? Nami nikagonga muhuri." Nikaenda kwa yule binti wa msaada wa sheria, Shadia.

"Babu, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Ushahidi?"

"Mimi hapa."

Akainama, nadhani alikuwa anaficha meno. Mkataba na Jonathan sikuandika. Kodi yake nilipokea mkononi, risiti sikutoa hata moja, nikijiona nimewapiga chenga wakubwa. Anasema kesi inafunguliwa, itakwenda miaka, na cha kwanza kusomwa ni saini yangu.

Jonathan hana ubaya wa kelele. Kaniambia, "Baba, wewe kaa tu chumbani kwako mpaka Mungu akuite." Nikamwomba chumba kimoja cha mbele, chako na watoto. Nimeomba, Eufrazia, mimi niliyezipanga tofali zile moja moja. Kasema ana wageni wanakuja.

Leo asubuhi kapaka rangi milango yote, na wangu. Bluu. Hakuniuliza. Kanitolea kigoda, kanionya nisiguse mpaka ikauke. Nimekaa uani naandika, nasubiri.

Baba yako