Mlo wa Watu wa Mapangoni

Kibomet, Jumapili usiku

Ati watu wa kale hawakula ugali! Ndugu yangu Wafula alikuja kutoka Bungoma na hekima aliyookota kwenye simu, akamkataza Mama nafaka zote. Ale nyama na mboga za mwitu tu. Mama ana ugonjwa wa sukari na anameza dawa ya kuishusha.

Leo baada ya kanisa ameanguka jikoni, anatetemeka, jasho linamtoka. Dawa bila ugali ilikuwa imeishusha sukari kupita kiasi; nikamnywesha chai yenye sukari nyingi mpaka akatulia.

"Mwili utazoea, bana," Wafula akasema.

"Kwani hao mababu zako walikuwa wanameza dawa ya sukari?"

Mjinga yule!

Kuacha soda na mandazi kulimfaa Mama, hilo nakubali. Lakini wiki nzima nilimwona akidhoofika, nami nikanyamaza, kwa sababu Wafula amesoma.