Naima Hashibi

Mkonze, Dodoma
3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Mwantum,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo linalotukaba. Shemeji Khamisi hajambo? Wifi yako anakusalimu sana.

Picha ya mwanao Naima nimeipata. Wee, nilipiga kelele ofisini mpaka wakubwa wakachungulia! Huyu ndiye yule tuliyemtoa Dar mwaka jana, kichwa kimefungwa bendeji, mifupa mitupu, baada ya kutolewa uvimbe kwenye ubongo? Mashavu yale! Nimeipitisha meza kwa meza, kila mtu anasema mtoto kapona. Nampa Msafiri, dereva wa basi, kopo la siagi na biskuti akuletee. Mlishe mpaka aseme basi.

Kaka yako,
Hashimu


Kolo, Kondoa
21 Novemba 1993

Kaka Hashimu,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Sisi tupo, Khamisi anasafisha shamba, mtoto mchanga naye anaota meno.

Unasema nimlishe mpaka aseme basi. Kaka, hasemi! Siagi aliimaliza kwa kidole, na biskuti nilikuta karatasi tu. Mwanzoni hata mimi nilifurahi. Unawajua watu wetu, mgonjwa akipona kila nyumba inaleta chake: huyu uji wa uwele, huyu asali, huyu maziwa ya mgando. Nikasema acha mwanangu arudishe mwili. Majirani wamekoma kuleta, yeye hajakoma kunenepa. Nikafunga jiko kwa kufuli. Nikamkuta bandani anatafuna pumba za kuku huku analia. Na mimi nikalia.

Sasa sikia nilichofanya. Mwezi mzima nimempa yeye na Mishi, yule binti wa dada yake Khamisi tunayekaa naye, rika lake, chakula kilekile, kiasi kilekile, na usiku nalala na ufunguo. Mishi yuko vilevile. Naima gauni limempasuka kwapani! Chakula hicho kinamwendea wapi? Khamisi anasema ni ulafi tu. Mimi sikubali. Niulizie kwa daktari yeyote huko mjini.

Mdogo wako,
Mwantum


Mkonze, Dodoma
4 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mafua yametupitia wote, ila tunaendelea vizuri.

Kuna Daktari Cornel, amefungua zahanati yake tangu madaktari binafsi walipopewa ruksa. Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale pa Mishi na chakula kilekile, akaninyang'anya akaisoma mwenyewe! Anasema chini ya ubongo kuna kitu kidogo kama punje ya choroko, ndicho kinachotuma amri mwilini: kua, pata joto, stahimili. Amri hizo zinaitwa homoni. Na juu yake tu pana mahali panapomwambia mtu ameshiba. Uvimbe wa Naima ulikaa hapohapo, ukaharibu pote. Ndiyo maana hata akila kidogo mwili unaweka akiba. Si mlafi, Mwantum. Nisamehe ile siagi.

Anauliza: je, anarefuka? Anasikia baridi? Anachoka ovyo? Anataka umlete apimwe damu, kwani amri zilizokosekana siku hizi hutengenezwa kiwandani zikawa vidonge.

Kaka yako,
Hashimu


Kolo, Kondoa
10 Januari 1994

Kaka,

Shikamoo. Mvua huku inamwagika, mtama umesimama vizuri, Alhamdulillahi.

Mwambie daktari hivi: gauni lake naliongeza ubavuni kila mara, lakini pindo la chini sijaligusa tangu operesheni. Jua la saa sita anavaa sweta. Shuleni analala mezani. Na mimi namuuliza yeye: amri za mwilini zinatengenezwaje kiwandani? Zinakaaje ndani ya kidonge zisisahau kazi yake?

Mabasi yanakwama mitoni, tutakuja maji yakipungua. Khamisi amekazana kwamba Ramadhani hii Naima atafunga, tumbo lipate adabu. Nami kidogo nataka kuona, kama hata akifunga ataendelea kunenepa.

Mdogo wako,
Mwantum


Mkonze, Dodoma
24 Januari 1994

Mwantum,

Salaam. Leo sina maneno mengi. Asifunge! Daktari amepiga meza. Anasema mwili wake huenda hauna ile amri ya kustahimili, akikaa na njaa anaweza kuanguka na kufa. Mwambie Khamisi kwamba mgonjwa dini yenyewe imemruhusu.

Kaka yako,
Hashimu


Kolo, Kondoa
19 Februari 1994

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imelowa, basi lilikwama njiani. Ramadhani ilikuwa imeshaingia.

Naima alianguka juzi alasiri akichota maji, amefunga. Macho wazi, haniitikii. Hospitali ya wilaya wakamtundikia maji ya sukari, Mungu akamrudisha. Khamisi aliisoma barua yako barazani pale hospitali, akalia mbele za watu, anasema, "Nilikuwa namfunza nini mimi?" Nami nilitaka kuona. Basi nimeona.

Barua hii anakuletea Khamisi mwenyewe pamoja na mtoto. Mimi wa kunyonya ananizuia. Wapokee.

Mdogo wako,
Mwantum


Kolo, Kondoa
17 Julai 1994

Kaka Hashimu,

Shikamoo, na wifi mpe salamu zake. Sisi wazima, mtama tumeshaupura.

Vidonge ulivyoagiza kwa mwenye duka la dawa huko mjini, baada ya Naima kupimwa damu, vinafanya kazi. Naima halali tena darasani, sweta amelivua, na ugomvi na Mishi umeanza upya, nafurahi kuusikia. Khamisi ndiye anayempa dawa kila asubuhi, haruhusu mtu mwingine aguse kichupa. Lakini unene uko palepale, na njaa iko palepale. Daktari alimwambia Khamisi wazi kwamba kidonge cha njaa hiyo bado hakijatengenezwa, si hapa wala Ulaya.

Juzi Mishi alisukuma sahani akasema ameshiba. Naima akamwangalia, halafu akaniuliza, "Mama, mtu akishiba anasikiaje?"

Nikamwambia tumbo linajaa.

"Langu limejaa mpaka linauma. Lakini nataka kula."

Nikasema basi, mtu anatulia, hataki tena. "Zamani nilikuwa naijua," akasema. "Nimeisahau."

Kaka, nimeshindwa kumweleza. Tangu siku hiyo kila nikila namtegea sikio huyo anayeniambia basi, na simsikii, naona tu mkono umeacha. Nakuomba ukae ule, ushibe, kisha uniandikie umejuaje. Na Daktari Cornel naye mwombe aandike. Nimemwahidi mwanangu kwamba tutauliza watu.

Mdogo wako,
Mwantum