Nani Aliyefuta Miadi ya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, jikoni au kazini. U hali gani? Shemeji hajambo? Na wale mapacha wanangu, meno ya mbele yameota au bado wanacheka na mapengo? Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha kaka kimepungua, paa linavuja palepale. Mama yupo, nitamfikia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo na mtandao upo. Shangaa tu. Nina sababu zangu.

Unajua macho ya mama. Mtoto wa jicho amekomaa, siku hizi hata chai anaimimina kwa kusikiliza kikombe. Mimi ndiye ninayeshika ile akaunti yake ya hospitali ya macho kwenye mtandao: naomba miadi, nasoma majibu. Mwezi uliopita tukapata siku ya upasuaji. Mama akaoga mara mbili kama bibi harusi, akavaa gauni la kijani, tukafika asubuhi na mapema. Dirishani wakatuambia miadi imefutwa. Na nani? Na wewe mwenyewe dada, kupitia akaunti yenu.

Kitinda, nilitamani ardhi ipasuke. Tulipofika nyumbani mama akavua viatu, akaniambia, "Kama umechoka kuniuguza, sema tu. Mimi si mtoto." Nilikwenda kulia chooni asinisikie.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza niliyemshuku ni wifi. Si unamjua, hushika simu yangu kutazama mishono ya nguo, na ukimuuliza anatafuta nini anacheka. Nikabadilisha nenosiri nimejifunika shuka gubigubi, nikawa nalala na simu ndani ya sidiria. Nikaomba siku nyingine. Ikafutwa tena! Loo, hapo nikasema huyu mwanamke ana lake. Wiki nzima sikumwitikia salamu vizuri. Akiomba chumvi nasukuma kopo kwa kiwiko. Maskini, akadhani nimemnunia kwa sababu ya sufuria aliyoiunguza.

Mwisho nikampelekea simu fundi wa kompyuta aliye jirani na kazini kwangu, mama mmoja wa maneno machache na miwani kwenye paji la uso. Akafungua ukurasa wa akaunti unaoonyesha vifaa vyote vilivyoingia. Simu yangu. Kompyuta ya ofisini. Na laptopu moja iliyo katika mji wenu, iliyoingia tangu likizo ile niliyokuja kwako, na haijatoka hata siku moja.

Nikakumbuka. Nilisomea majibu ya mama pale mezani kwako, mapacha wakanizingira wakitaka katuni, nikafunga kifuniko cha laptopu yako nikajua nimetoka. Kumbe kutoka ni mpaka ubonyeze pale palipoandikwa Toka. Usipobonyeza, mfumo unaendelea kukujua, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho ataonekana ni wewe. Nikamuuliza, na nenosiri nililobadilisha je? Akasema kwa mfumo ule wa hospitali, nenosiri jipya linamzuia anayebisha hodi, halimtoi aliyekwisha kukaa sebuleni. Nimewaandikia malalamiko, watengeneze mfumo wao.

Fundi alitaka kubonyeza palepale kitufe cha kutoa vifaa vyote. Nikamshika mkono. Huenda ni shemeji, huenda ni mapacha wanabonyezabonyeza ovyo. Nilitaka kujua nani ananila.

Nikaenda dirishani mwenyewe, nesi akaniwekea siku ya kweli kwenye faili la mama, nje ya akaunti. Kwenye akaunti nikaomba siku ya uongo, na pale pa maelezo nikaandika kwamba mgonjwa atapewa dawa ya usingizi. Sikumwambia mtu, hata kaka.

Keshokutwa yake ukapiga simu. Ukauliza habari za mvua, ukauliza paa, ukazunguka weee, halafu ukasema, "Dada, mama wasije wakamlaza kwa dawa ya usingizi." Ati nani alikwambia? Maneno hayo yalikuwa mahali pamoja tu duniani. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Nilipofungua akaunti jioni, siku ya uongo nayo ilikuwa imekwenda. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.

Najua unachoogopa. Baba alichomwa sindano ile akalala, hakuamka tena, nawe ndiye uliyekuwa umemshika mkono. Sijasahau. Lakini ungeniuliza! Daktari angekwambia upasuaji wa jicho ni wa ganzi tu, mama atakuwa anapiga soga naye muda wote. Badala yake ukakaa kimya huko mbali ukimchagulia mama giza. Nimekasirika, Kitinda, nimekasirika mpaka mwandiko unapinda, uone mwenyewe.

Jana nimebonyeza. Vifaa vyote vimetoka, hata simu yangu, nikaingia upya peke yangu. Wifi nimemwomba radhi. Akacheka, kisha akaomba simu atazame mishono. Nimempa, ila nilikaa karibu.

Sasa sababu ya karatasi. Posta hukawia, na safari hii nimeutaka ukawiaji wake. Siku utakayofungua bahasha hii mama atakuwa ameshafanyiwa, na bandeji imeshatolewa. Hutakuta cha kufuta.

Msalimie shemeji, na umwambie nilimshuku kwa siku mbili, anisamehe. Wabusu mapacha. Kaka na wifi wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, akuondolee hofu hiyo unayoilea peke yako.

Kuna jambo moja limebaki. Mama mpaka leo anaamini ni mimi niliyefuta. Nikimpa maji ananishukuru kama mgeni, anasema asante sana, samahani kwa usumbufu. Mama yetu, Kitinda, ananiomba mimi samahani. Sijamwambia ni nani, wala sitamwambia. Namba yake unayo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda,

Dada Mkubwa