Wanaokuja Kuiona Meza ya Mpole

Jumatatu, 3 Juni

Basi jingine leo. Watu wazima na akili zao wamekata tiketi waje kuona meza! Meza yenyewe ya mbao za kawaida, mguu mmoja nimeutilia kadibodi isiyumbe. Lakini Mpole alikuwa akila chakula pale, basi imekuwa ziara. Mama mmoja alikipapasa kiti kama anabembeleza mtoto. Mwingine aliniuliza kama kijiko ni kilekile. Nikamwambia ndicho. Nilikinunua mwezi uliopita.

Tangu ile sinema itoke watu wameshikwa na wazimu. Mpole jambazi sasa ni Mpole muungwana. Alisaidia wajane, eti. Hakumdhulumu maskini, eti. Mimi nimemhudumia miaka, sikumbuki mjane hata mmoja. Namkumbuka muuza viatu wa mtaa wa nyuma, aliyekuja kuomba aongezewe muda wa kulipa. Watu wa Mpole walimvunja vidole palepale mezani, kisha Mpole akaagiza chai nyingine. Nani anauliza habari za muuza viatu?

Wala za mume wangu hawaulizi. Alikuwa mpishi hapa mkahawani. Siku polisi walipokuja kumkamata Mpole, risasi zikaanza, naye akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Akaangukia mlangoni. Hapo ndipo sasa wageni wanapopanga foleni ya choo.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji ameihamishia meza dirishani. Alipokuwa akikaa Mpole ni pembeni, karibu na nguzo, lakini kule kuna giza. Dirishani picha zinatoka vizuri, anasema.

Nimemtolea uvivu. Nimemwambia kaka yake kafia humu, na yeye anapanga viti vya maonyesho. Akanijibu taratibu: kabla ya haya mabasi tulikuwa tumefikwa na maji ya shingo, shemeji, umesahau? Sijasahau. Tangu nifiwe tunauendesha mkahawa huu pamoja, na hajawahi kututupa, mimi wala binti yangu. Ndiye aliyemsomesha ushonaji. Nikarudi kwenye masufuria yangu.

Jumapili, 9 Juni

Kuna kijana anayewatembeza wageni. Namwita Kasuku. Anatia chumvi mpaka mwenyewe anapata kiu.

Leo nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia: "Na nani aliyemuuza Mpole kwa polisi? Nani aliyepiga simu? Mpishi! Mtu aliyemlisha kwa mkono wake!" Wageni wakaguna. Wengine wakasonya. Wamemsonya mume wangu, ndani ya nyumba aliyofia!

Nilitoka na mikono ya sabuni, nikamkamata Kasuku shati. Hakuona haya. Kila ziara watu huuliza nani alipiga simu, anasema, na habari ya mpishi kapewa na shemeji mwenyewe. Nikamfuata shemeji. Akajitia hamnazo, anahesabu viti. Ni maneno tu, kasema. Marehemu haumii.

Mimi naumia. Na binti alikuwa anafuta meza ya pili, kasikia yote. Tulipokuwa tunafunga akaniuliza kama ni kweli baba ndiye. Nikamwambia si kweli. Akauliza najuaje. Baba yake alikuwa hawezi hata kumfukuza paka jikoni, lakini hilo si jibu.

Jumatano, 12 Juni

Amekuja mtu peke yake, bila basi. Sweta ya kijivu, nywele zimenyolewa karibu na ngozi. Hakupiga picha. Alisimama katikati ya chumba, akaitazama meza ya dirishani, akatikisa kichwa. Kisha akavuta kiti akakaa pembeni, karibu na nguzo. Pale hasa.

Mdogo wake Mpole. Nilimtambua kwa kidevu. Alikuwa jela tangu siku ile Mpole alipouawa. Alizungumza kwa adabu, ananiita dada. Akasema Jumapili alikuwemo kwenye basi, alikaa nyuma kabisa. Amependa maelezo. Akauliza mpishi ameacha nani. Wakati huohuo binti akapita na ndoo, naye akamfuata kwa macho mpaka alipotokomea uani.

"Kama ni mpishi, nitazungumza na aliowaacha," akasema. "Kama siye, nitajie mtu. Nitarudi Jumamosi."

Akamaliza chai, akashukuru, akakirudisha kikombe kaunta yeye mwenyewe.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda polisi. Askari wa zamu alinisikiliza huku anachezea kalamu. Mtu kamaliza kifungo chake, kasema, kunywa chai si kosa. Kakutishia kwa maneno gani hasa? Nikayarudia. Yakitamkwa pale kituoni hata mimi naona hayana kitu: atazungumza na watu, atarudi Jumamosi.

Halafu akainama mbele, uso umechangamka. Ni mdogo wake kweli? Wanafanana? Anakubali kupigwa picha? Wanawe wanaipenda sana ile sinema.

Nimemwambia binti aende akakae kwa shangazi yake. Hataki. Anasema akikimbia, itaonekana baba alifanya kweli. Nimembembeleza, nimefoka, hataki. Kichwa kigumu — cha baba yake kabisa. Nashinda roho mkononi, nikisikia mlango nadondosha kitu.

Ijumaa, 14 Juni

Jana na juzi nilimficha shemeji habari hizi. Leo nimemwambia nani amekuja na amesema nini. Akapauka. Akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha:

"Ni mimi, shemeji. Simu nilipiga mimi."

Alichoshwa na vidole vya watu kuvunjwa mbele yake. Alidhani watamnasa Mpole nje, kimyakimya, hakuna atakayeumia. Kaka yake hakujua lolote. Miaka yote hii kaficha. Kasuku alipomuuliza nani alipiga simu, aliingiwa na woga, jina la kwanza lililomjia likawa la marehemu. Alilia, mtu mzima, anajifuta kwa kitambaa cha vyombo.

Sikujua niiweke wapi mikono yangu. Ile simu simlaumu. Ningeipiga mimi kama ningekuwa na moyo. Lakini kumtwisha kaka yake! Kisha kukaa karibu na kaunta na kusikiliza wageni wakisonya!

Anataka niseme ni marehemu. Nikamuuliza: na binti je? Akasema yule hatamgusa, watu wa Mpole hawakuwahi kugusa wanawake. Na hilo kalisikia wapi? Kwa Kasuku! Shemeji ameanza kuiamini ziara yake mwenyewe.

Nikamwambia basi aondoke, apande gari leo leo. Akasema akiondoka yule mtu atatukuta mimi na binti tu. Nimemchukia, na nimemwonea huruma, vyote kwa pamoja, na nikamkaangia yai maana hakuwa amekula tangu asubuhi.

Jumamosi, 15 Juni

Amekuja. Sweta ileile. Safari hii amekaa dirishani, kama wenzake.

Basi nalo limefika, limejaa. Kasuku alipomjua aliruka kama aliyeokota dhahabu. Akatangaza: mdogo wake Mpole, damu moja, huyu hapa! Wakapiga makofi. Wakapanga foleni kupiga naye picha. Bibi mmoja akamwomba akunje uso, aonekane mkali. Akaukunja. Hakumkatalia mtu.

Kisha akamwita binti. Akamwekea mkono begani. "Huyu naye awemo," akasema, "mtoto wa mpishi." Wageni wakaona raha isiyo kifani. Wengine walipanda viti. Binti alikuwa ananitazama mimi, si kamera. Ule mkono haukutoka begani.

Nilimwambia akanunue sukari. Sukari ipo, kopo limejaa, na yeye anajua. Nikamkaripia mbele za watu, nikamwita mvivu, mpaka akajinasua akatoka analia. Acha alie.

Nikainama kama ninayefuta meza.

"Mpishi hakupiga simu. Aliyepiga yumo jikoni."

Akaitikia kwa kichwa, kama nimemtajia bei. Akaagiza chai. "Ailete yeye," akasema.

Shemeji alikuwa anaosha vikombe. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, naliona jua uani. Neno moja tu, angekwenda. Nikauona tena ule mkono, nikaliona bega la mwanangu. Nikamimina chai, nikamwambia ni ya meza ya dirishani.

Alinitazama. Alijua. Akajifuta mikono, akafunga vifungo vya shati mpaka cha juu. Aliniomba nimwambie binti kwamba aliyepiga simu si baba yake. Akachukua chai, akatoka.

Naandika humu stoo, nimesimama, daftari nimeliweka juu ya pipa. Nimeuza mtu. Sina jina jingine la nilichofanya. Najichukia, na ningefanya hivihivi tena. Binti bado hajarudi, na ninaomba duka liwe na foleni ndefu.

Sijasikia kelele yoyote. Nasikia wageni tu. Wanamwambia shemeji asogee karibu zaidi na mdogo wake Mpole, asijikunje, picha itoke vizuri.