Mstari wa Nne

Mtaa wa Bondeni,
Nakuru.
22 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Makokha,

Habari za Leeds? Natumaini mgongo umepoa na baridi haijaanza. Huku sote tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya hili vumbi, lakini dukani anaenda kama kawaida. Travis amekuwa mrefu hadi anainama mlangoni.

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezirarua. Ningekupigia simu, lakini unanijua: ningesema niko poa, kisha nimpe Mama simu. Shangazi Immaculate anasafiri Jumapili, ndiye atakuletea.

Ni kuhusu Datsun ya Babu. Iko hapa uani chini ya turubai, na kila nikienda kuanika nguo naizunguka ili nisione upande wa kushoto.

Ulinitumia maagizo ya Kiingereza ya kuivuta kutoka Bungoma, ukasema niyaandike kwa Kiswahili nimsomee dereva, Mzee Ephantus. Niliandika vizuri, mistari minne, herufi kubwa. Jumamosi, ilipokuwa imepandishwa kwenye trela nyuma ya pikapu yake, Baba akaniita mbele.

"Haya mwalimu, tusomee," Mzee Ephantus akasema.

Nikasoma. Mikanda ifunge magurudumu, si bampa. Uzito uelekee mbele ili trela isiyumbe. Gia iwekwe na breki ya mkono ivutwe. Kufika hapo akacheka. "Mrembo, hii trela ilikuwa barabarani kabla wewe hujaota meno!" Baba naye akacheka, na vijana wa garaji pia. Ulikuwa mzaha tu, Mjomba, hakuwa na ubaya. Lakini masikio yangu yaliwaka. Nikakunja karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa sweta, nikasema, "Ni hayo tu."

Hayakuwa hayo tu. Mstari wa nne ulisema: simameni baada ya kilomita ishirini mkaze mikanda tena, na mrudie kila mkisimama, kwa sababu gari likitikisika mikanda hulegea.

Timboroa tulisimama kunywa chai. Watu wakaizunguka Datsun wakipiga picha. "Buda, hii ilikimbia mashindano ya rally?" Mzee Ephantus akawa anajibu kama ni yake. Mimi nilikuwa nyuma na kikombe changu, na mkanda wa kushoto ulikuwa mbele ya macho yangu, umelegea, unapigapiga chuma kwa upepo. Niliuona. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikajiambia yeye ni mtu mzima, ataona mwenyewe. Nikarudisha kikombe, nikapanda.

Kwenye mteremko wa Salgaa tukasikia gu! nyuma yetu, na pikapu ikaanza kuvutwa huku na huku. Baba akaita jina la Yesu. Mzee Ephantus hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akanyoosha usukani, akaacha mwendo upungue polepole mpaka tukasimama kando. Malori yalikuwa yanatupita hapo karibu kabisa. Kama angeshtuka, sijui nani angekuwa anakuandikia leo.

Datsun ilikuwa imeteleza upande mmoja ikagonga chuma cha trela. Ndivyo madigadi ya nyuma ilivyobonyea na taa ikavunjika.

Baba alipokutumia picha, uliandika kwenye grupu ya familia kwamba dereva alisomewa kila kitu akapuuza, na mtu yeyote asimpe kazi tena. Tangu hapo rafiki wa Baba kule Subukia, ambaye angembebesha ng'ombe wake, amemwambia aache tu. Na Mzee Ephantus hajajitetea. Alimwambia Baba, "Usukani nilikuwa nao mimi." Shule tunafungua Jumatatu na sijafungua kitabu. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi.

Mjomba, nilikuwa nimefika hapo kuandika nikasikia pikapu ya Mzee Ephantus. Alikuja kuchukua mikanda yake, Baba akamfungulia geti. Sijui nilitokaje nje. Nikatoa karatasi nikawasomea mstari wa nne. Baba alishika kiuno.

"Soma tena," Mzee Ephantus akasema. Nikasoma.

"Na mkanda uliuona?"

"Niliuona Timboroa."

Alikunja mkanda wote hadi mwisho ndipo akaongea. "Siku nyingine, mwalimu, nipigie kelele. Hata kama nacheka."

Hiyo karatasi nilitaka kuitia kwenye bahasha kama ushahidi. Ameniomba, ameibandika ndani ya pikapu yake, kwa hivyo itabidi uniamini bila kuiona. Tafadhali andika tena kwenye grupu. Jina langu ulitaje.

Nisalimie Shangazi Chepchirchir na Natalie, umwambie bado nina ile bangili yake. Mama na Baba wanakusalimu sana. Mungu aushike mgongo wako mpaka Desemba, uje uendeshe Datsun ya Babu, hata kama ni na taa moja.

Mpwa wako anayekupenda, na anayeogopa jibu lako,

Mitchelle